Nyumba Isiyo na Kitovu

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajua kwamba nyumba hujengwa na mafundi, niliamini kuwa nyumba yetu iliota yenyewe mlimani kama uyoga, na kwamba sisi tuliiokota tu. Asubuhi nyingi ukungu wa Uhehe uliimeza yote, na nilipotoka kwenda kujisaidia kisha nikageuka, hapakuwa na nyumba. Halafu ilianza kurudi kidogo kidogo: kwanza dohani, kisha paa la nyasi, kisha mlango, na mwishowe mama amesimama mlangoni akiniuliza nilikuwa naota nini huko.

Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe. Mbele palikuwa na miti ya plamu iliyozeeka ambayo bado ilizaa kwa ukaidi, na nyuma msitu wa miwati ulioshuka hadi bondeni, kwa bibi yangu mzaa mama. Nazungumzia miaka ya hamsini, enzi za majumbe, uhuru ukiwa bado maneno ya kunong'onezana. Baba alikuwa fundi seremala, Mwislamu wa Iringa mjini ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na misafara ya biashara, na hata akipiga randa hakuivua kofia yake. Mama alikuwa Mhehe wa bonde lile. Walikutana baba alipokuja mlimani kutengeneza milango ya nyumba hiyo hiyo, wakaoana, wakaishi mjini miaka michache, nikazaliwa huko, kisha nyumba ikawaita tena.

Bibi alikuwa Mkristo. Jumapili alikuwa kanisani, Jumatatu alikuwa kwenye makaburi ya wazazi wake na unga wa ulezi kiganjani, na ukimwuliza anamwomba nani hasa alikuambia usiwe mbishi. Kwa desturi yao, mama mkwe na mkwewe wa kiume walistahiana mno. Hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, na mama mkwe hakuingia kamwe ndani ya nyumba ya mkwewe. Kwa hiyo bibi alipotutembelea alikaa nje, juu ya gogo la kupasulia kuni, ameupa mlango mgongo. Baba alikaa ndani karibu na dirisha. Walizungumza kupitia kwangu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Zuhura, mwambie baba yako kamwene," bibi alisema, kwa salamu ya Kihehe.

"Mwambie bibi yako shikamoo," baba alijibu kabla sijafungua mdomo.

"Mwambie marahaba. Na mwambie nyumba yake inarudisha moshi ndani. Nimeuona tangu kule chini."

Nilikuwa mkalimani wa watu wawili waliosikilizana bila shida, na kazi hiyo niliipenda, kwa sababu bila mimi, nilidhani, wangenyamaza milele.

Jambo la moshi halikuwa la dohani peke yake. Baba aliisafisha dohani ile mara kwa mara, akaiongeza urefu, akaitukana kwa Kiswahili cha pwani alichorithi kwa babu yake, na bado siku za upepo moshi ulirudi ndani tukatoka nje tukilia machozi. Mlango wa nyuma nao ulifunguka wenyewe. Mchana wa ukungu, nikiwa nimelala, nilisikia mbao za dari zikilia polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, mtu mzito akitembea bila haraka. Baba alisema mbao zinanyonya unyevu. Bibi alisema kitu kingine.

"Nyumba hii haina kitovu," aliniambia siku moja tukipukuchua mahindi pale kwenye gogo. "Hakuna mtu amezaliwa humu. Wewe kitovu chako kiko Iringa. Mimi changu kiko bondeni, chini ya meko ya mama yangu. Nyumba ambayo haijazika kitovu cha mtoto haimjui mtu. Inakaribisha wageni tu. Ikiwachoka, inawatoa."

Ndipo akanihadithia waliotangulia, na mimi tangu siku hiyo niliwajua wote kana kwamba niliwahi kuwapelekea maji ya kunawa.

Wa kwanza alikuwa Mjerumani mmoja asiye na mke, aliyeyapandisha mawe ya msingi kutoka mtoni kwa migongo ya watu. Alipanda ile miti ya plamu, na jioni alikaa mbele ya moto wake akivuta kiko bila kusema na mtu. Bibi alikuwa msichana mdogo wakati huo na aliwahi kumwuzia mayai. Vita kuu ya kwanza ilipokuja alivaa buti, akafunga mlango, akaenda upande wa Mahenge. Hakurudi, na plamu zake za kwanza ziliiva akiwa hayupo. Nyuki wakaingia katika dohani wakakaa miaka.

Baadaye akaja mfanyabiashara wa mjini, mtu wa heshima zake, akaigeuza nyumba kuwa ghala la mahindi. Panya wakala mahindi, paa likaoza, naye akaiacha bila hata kuja kuiaga. Wa tatu alikuwa Mgiriki aliyelima pareto. Huyo aliipenda nyumba kweli. Alimleta mke wake, akatundika mapazia, akamwita baba kutengeneza milango na madirisha. Mke aliposhika mimba hakutaka hata kusikia habari ya kuzalia mlimani. Akapakiwa kwenye lori na mito mingi ya kuegemea, akaenda kujifungulia mjini, na alipokwisha kujifungua alikataa kurudi kwenye baridi ile. Mgiriki alihangaika huku na huko mwaka mzima, mwisho akamwita baba mbele ya jumbe, akampa ufunguo, akasema kaa wewe, mimi nimeshindwa.

"Umeona?" bibi aliniuliza. "Hakuna aliyefukuzwa na mtu. Ni nyumba tu. Na ninyi itawatoa."

Nilimfikishia baba maneno hayo, maana ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Alicheka, akasema kama nyumba inataka kumtoa basi ianze na misumari yake, maana ameipigilia mwenyewe. Mama hakucheka. Alikuwa na mimba wakati huo, na mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda mjini kwa shangazi kujifungua, akarudi mikono mitupu. Mtoto yule wa kike hakufika hata siku ya kudondosha kitovu. Kwa akina mama wa bonde lile, mtoto wa namna hiyo hakukaliwa matanga. Alizikwa kimya na wanawake wawili watatu, na mama yake alitarajiwa kuendelea na shughuli zake. Mama aliendelea na shughuli zake. Lakini nilimwona mara nyingi ameshika nguo iliyokwisha kukauka kwenye kamba, haianui, haiachii.

Safari hii kila mtu alikuwa na mpango wake. Baba alitaka ampeleke hospitali ya misheni. Bibi alitaka ashuke bondeni, kwenye meko ya ukoo. Mama alisikiliza pande zote mbili, nikienda na kurudi na maneno ya watu, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo haikuhitaji mkalimani:

"Huyu nitamzaa hapa. Sitaki tena kubeba tumbo kwenda kwa watu na kurudi bila kitu. Kama nyumba haitujui, itatujua."

Baba, dirishani, aliacha kuchonga. Bibi naye, kule nje, aliacha kupukuchua.

Mvua za mwanzo zilipoanza, baba alipata lori la kumpeleka Iringa kununua mbao, akaahidi kurudi kesho yake. Kesho yake kijito kilikuwa kimefurika na barabara haipitiki. Alasiri ya siku hiyo ukungu ulishuka mapema ukakaa. Mama alikuwa akipepeta mchele wa Usangu, ule ambao baba aliuhifadhi kwa ajili ya Idi, mara akauweka ungo chini taratibu sana, akashika ukuta.

"Zuhura, nenda kamwite bibi yako. Usikimbie, utaanguka. Lakini usikawie."

Nilikimbia. Naiona hadi leo ile njia ya miwati, maua yake ya njano yamelowa yamelala chini, na miti imesimama kila upande bila vichwa, maana ukungu ulikuwa umevichukua. Hakuna ndege aliyelia. Nilijisikia kama natembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine, mtu mkubwa aliyelala juu ya mlima mzima, na nikikanyaga kijiti kwa nguvu ataamka. Katikati ya njia nikageuka kutazama nyuma. Nyumba haikuwapo. Nilikuwa nimeizoea hali hiyo kila asubuhi, lakini siku hiyo mama alikuwa ndani yake. Niliingiwa na hofu ambayo sijawahi kuipata tena maishani, kwamba nyumba imechoka sasa, imeondoka, na imekwenda naye.

Bibi aliona uso wangu akainuka. Alitwaa blanketi lake, wembe mpya uliokuwa bado katika karatasi yake, na kaa la moto ndani ya kigae cha chungu, akalifunika kwa majivu. Tulipanda pamoja, yeye mbele, na nikashangaa mwanamke mzee namna ile anapata wapi miguu.

Nyumba ilirudi kwetu kama kawaida yake: dohani, paa, mlango. Kutoka ndani tulimsikia mama akiguna. Bibi akafika kizingitini, na hapo akasimama.

Nilidhani anapumzika. Kisha nikaona mkono wake umeshika mwimo wa mlango na hauendi mbele. Maisha yake yote hakuwa amekanyaga ndani ya nyumba ile. Mwanamke aliyeingia kwa mkwewe alijivunjia heshima yeye, akamvunjia mkwewe, na kwa imani yao uzito wa jambo hilo ulimwangukia mtoto. Mvua ilianza kumlowesha mabega.

"Mama," mama aliita kutoka chumbani. "Siwezi kutoka."

"Nasikia, mwanangu."

"Mama, ingia."

Bibi alitazama juu, paa lile la nyasi, dohani iliyokataa kuvuta moshi, mbao zilizotembea zenyewe. Aliitazama nyumba kwa muda, usoni, namna asivyoweza kamwe kumtazama baba. Halafu akaniambia, lakini kwa sauti ya kusikiwa na kuta:

"Zuhura, wewe ni shahidi. Nyumba hii haina kitovu. Kama haina kitovu, haina mwenyewe. Si ya Mjerumani, si ya Mgiriki, na ya mkwe wangu bado haijawa. Mimi siingii kwa mkwe. Naingia kwenye pango tu, nimekimbia mvua."

Akainua mguu, akaingia.

Mengine ya jioni ile niliyasikia kutoka jikoni, nikiwa nimepewa kazi ya kutunza moto. Bibi alimwaga kaa lake kwenye meko yetu, juu yake kuni zetu, na moshi ukarudi ndani kama ulivyozoea. Macho yaliniwasha na kichwa kikawa chepesi. Sijui kama nililala. Naapa niliisikia harufu ya kiko. Nilisikia mbao za dari zikilia kutoka upande ule kuja huku, mtu akinyanyua hatua zake polepole, asiamshe mtu. Na nilimsikia bibi akisema nao, kwa sauti ya kawaida, kama anavyozungumza mtu na majirani waliochelewa kuondoka.

"Bwana wa kwanza, asante kwa mawe. Bwana wa mahindi, panya wako tumewatoa. Bwana wa pareto, milango yako ingali imara. Sasa pisheni. Kuna mtu anataka kupita."

Mtoto alilia giza lilipokuwa linaingia. Alilia kidogo sana, sauti ya kitu kinachojaribiwa kama kinafanya kazi, kisha akanyamaza, na sote tukamngoja alie tena.

Alikuwa wa kiume, na alikuwa mdogo mno. Bibi alimfunga kwenye pamba na vitambaa, akamweka kifuani mwa mama, akahamishia kitanda karibu na meko. Hakumwita kwa jina lolote. Mtoto ambaye kitovu chake hakijadondoka alikuwa bado yuko njiani, na mtu aliye njiani huwezi kumshika shati. Tulijua wote tunachosubiri. Kipande kile cha kitovu kikikauka na kudondoka akiwa hai, atakaa. Asipofika siku hiyo, watakuja wanawake wawili watatu, na mama atasimama tena kwenye kamba ya nguo.

Baba alirudi siku iliyofuata, kwa miguu, matope hadi magotini. Nilimkimbilia nikampa habari zote kwa mpigo. Uso wake ulifunguka, akapiga hatua kuelekea mlangoni, halafu akasimama palepale aliposimama bibi. Mama mkwe alikuwa ndani.

"Mwambie bibi yako shikamoo," alisema.

"Mwambie marahaba," bibi alijibu kutoka jikoni. "Na mwambie anisamehe. Bado si nyumba yake. Akalale na randa zake."

Baba akalala kwenye banda lake la useremala, juu ya takataka za mbao, yeye mwenye ufunguo. Sikumsikia akinung'unika hata mara moja. Alichoomba ni kitu kimoja tu: amwadhinie mwanawe sikioni, kama dini yake inavyotaka. Bibi alifikiri kidogo. Kisha akamchukua mtoto, akaenda dirishani, akageuka akalipa dirisha mgongo, akamnyoosha mtoto nje ya dirisha kwa mikono miwili, kinyumenyume, bila kutazama. Baba akainama nje, kwenye manyunyu, akamsomea adhana sikio la kulia kwa sauti ndogo. Bibi Mkristo, amefumba macho, alimshikilia mpaka ikaisha. Nimeona misikiti mikubwa na makanisa makubwa baada ya hapo. Sijaona ibada nyingine iliyonigusa kama ile.

Siku zilizofuata zimechanganyika kichwani mwangu, kuwa siku moja ndefu nyeupe. Ukungu dirishani, moshi ndani, baba akipasua kuni nje na kuziweka kizingitini, bibi akizipokea bila kuonekana. Moto haukuruhusiwa kuzimika. Mama alimkamulia mtoto maziwa kwenye kijiko, akamnywesha tone kwa tone. Kuna asubuhi mtoto alipoa mikono, na bibi akavua nguo yake ya juu, akamkumbatia ngozi kwa ngozi, akawa anayumba naye mbele ya meko, akimhesabia majina ya wazee wake wote waliozikwa bondeni, mmoja baada ya mwingine, mpaka akapata joto.

Kisha siku moja, mchana, ukungu ukiwa umeinuka kidogo, mama akafungua vitambaa akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Mama. Njoo uone."

Kitovu kilikuwa kimedondoka.

Bibi alikichukua kwenye jani. Alifukua kwa mkono wake pembeni mwa meko, kati ya jiwe moja la Mjerumani na jingine, akakizika, akapigapiga udongo. Halafu akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alisimama haraka, akakusanya blanketi lake na kigae chake.

"Kaa hata leo, mama," mama alimsihi. "Bado mdogo. Bado namhofia."

"Siwezi, mwanangu. Sasa niko kwa mkwe wangu."

Akambusu mtoto kichwani, akatoka kinyumenyume, uso ukiitazama nyumba, hadi akavuka kizingiti. Alipofika kwenye gogo lake akakaa, akaupa mlango mgongo.

"Zuhura, mwambie baba yako nyumba imepata mwenyewe. Aingie."

Baba alimwita mtoto Salehe. Bibi hakulitumia jina hilo hata siku moja. Yeye alimwita Mwenye Nyumba. "Mwenye Nyumba amekula?" aliuliza kutoka kwenye gogo. "Mwambieni Mwenye Nyumba atoke nje bibi yake amwone." Tulikuwa tunamtoa. Ndani hakuingia tena.

Utoto wangu wote niliona hilo kuwa sawa, maana ndivyo ilivyokuwa. Nilipokuwa mkubwa, nimeolewa Mbeya na nina watoto wangu, ndipo lilipokuja kunichoma. Siku zile za ukungu bibi alikuwa na mlango wazi. Maadamu kitovu kilikuwa hakijazikwa, angeweza kukaa kando ya binti yake na moto wake. Alipokizika, alijua anaizika njia yake mwenyewe, na hakusita hata kidogo.

Baba alielewa mapema kuliko mimi. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, alianza kuliongeza paa upande wa mbele. Alisimamisha nguzo za mkaratusi, akashusha nyasi mbali kabisa kupita ukuta, akatengeneza benchi lenye kiegemeo. Hakueleza ni la nani. Siku bibi alipokuja akakuta gogo limeondolewa, alilizunguka lile benchi, akaligusagusa, akakaa.

"Mwambie baba yako," alisema, "ameacha misumari miwili imetokeza."

Baba alitoka siku ile ile, bibi alipokwisha kwenda, akaipigilia.

Mara ya mwisho alipotutembelea alikuwa amedhoofu na mvua ilikuja na mawe, ikipigwa na upepo hadi ndani ya baraza. Mimi nilikuwa nimekuja likizo kutoka kwa mume wangu. Baba, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwelekezea neno, alifungua dirisha akasema mwenyewe, moja kwa moja: "Mama, ingia ndani. Nakuomba."

Bibi hakugeuka. Akanitafuta kwa macho.

"Zuhura, mwambie baba yako asinivunjie nyumba yangu. Kitovu chake nilikizika mimi."

Baba alitoka na blanketi la kitandani kwake, akamfunika mabega kwa nyuma bila kumtazama, akarudi ndani akakaa sakafuni, mgongo wake kwenye ukuta ule ule alioegemea bibi kwa nje. Wakakaa hivyo, ukuta katikati, hadi mvua ikakatika.

Nyumba ingali pale. Paa ni la bati sasa, na Mwenye Nyumba ana wajukuu. Wageni huwauliza kwa nini nyumba ndogo vile ina baraza pana kuliko vyumba vyake, na vijana hujibu kwamba baba wa babu yao alipenda hewa. Siwasahihishi. Dohani ilianza kuvuta moshi vizuri, tangu lini hasa sikumbuki, na kama ni kazi ya baba au ya yule ambaye kitovu chake kilizikwa pale, sitaki kujua. Nikienda huko siingii moja kwa moja, ingawa mimi ni binti na hakuna kinachonizuia. Nakaa kwanza kwenye benchi, naupa mlango mgongo, nawasikia watoto wakigombana ndani, mpaka mtu mmoja atoke aniambie bibi, chai tayari.